Siku Nilipomvusha Mama Mkwe kwa Boti ya Mnadani

Aibu hii naisimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa na watu ambao siku hiyo walikuwa sokoni Masasi wanauza nyanya. Juzi mmoja kaniambia, tena macho makavu, kwamba mimi ndiye yule bwana aliyemwogesha mama mkwe wake mtoni. Sikumwogesha mtu. Alilowa. Kulowa na kuogeshwa ni mambo mawili tofauti, na asiyeweza kuyatofautisha asihangaike kunisalimia.

Haya, sikilizeni basi. Mimi ni mtu wa Masasi, wa familia ya duka, lakini nilioa Mkunya, kule juu Newala, na kule (kama hamjui nawaambia) ukioa anayehama ni wewe. Unajenga kwao mkeo, unapalilia mikorosho ya kwao mkeo, na mwenye neno la mwisho ni mama yake. Miaka yote ile nilikuwa nateremka Masasi kwenye kibanda changu cha vipuri, nalala huko siku za kazi, halafu napanda tena Mkunya mwisho wa wiki na vumbi hadi kwenye kope, na kila nikifika nasema moyoni, mbona nisimhamishie Masasi mke wangu, mama Siwema, pamoja na binti yetu Siwema mwenyewe, tukaishi kama watu wengine?

Kusema moyoni ni rahisi. Kumwambia mama mkwe ndiyo kazi, kwa sababu mkwe hasemeshwi. Humtazami usoni, huli mbele yake, humpi mkono, mkikutana njiani unaingia kwenye mihogo hadi apite, na ukiwa na la kumwambia unamwambia mtu mwingine amwambie. Mtu wangu mwingine alikuwa shemeji yangu Issa, kaka yake mke wangu. Sasa mashemeji tunataniana, hiyo nayo ni desturi, na Issa alikuwa mtani asiyejua likizo. Ukimwuliza saa ngapi, anakuambia saa ya wewe kurudi kwenu. Ukimwambia mpelekee mama salamu, anazipeleka na anaziongezea chumvi. Kwa hiyo maisha yangu yote na mama mkwe yalipita kwenye mdomo wa mtu ambaye sikuwahi kumwamini hata neno moja, na mnaniuliza kwa nini niliharibikiwa.

Hata hivyo ombi likafika, na jibu likarudi. Mama alikuwa na mdogo wake ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji, waliachana wakiwa wasichana na vita vikawatenganisha, na sasa vita vilikuwa vimekwisha. "Mama anasema," Issa akaniambia, na mara hii hakucheka, "ukimfikisha kwa mdogo wake, mchukue mke wako uende naye Masasi." Nikasema mitumbwi ipo, kesho tu. Issa akasema mtumbwi hapandi. Gogo yeye hulikalia jikoni, hawezi kukaa ndani ya gogo katikati ya mamba.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mnaikumbuka, kila kitu kilikuwa kinauzwa. Viwanja vya miradi vilivyokuwa vimefungwa minyororo vikafunguliwa, vitu chakavu vikapigwa mnada, na mtu wa kawaida kama mimi akawa anaweza kumiliki kitu ambacho zamani angekigusa angeulizwa kitambulisho. Newala palikuwa na boti. Ndiyo, boti, juu ya uwanda ule usio na hata dimbwi. Mradi fulani uliokufa ulikuwa umeileta kwa ajili ya mto, ikaharibika, ikapandishwa juu kutengenezwa na haikushuka tena. Ilikaa juu ya magogo miaka na miaka, kuku wakataga ndani yake. Nilipoiona mnadani niliona Masasi, niliona mke wangu anafagia uwanja wa nyumba yangu mwenyewe. Nikapandisha bei hadi wenzangu wakanyamaza (baadaye nikagundua hawakuwa wanashindana, walikuwa wananishangaa).

Ubaya wa boti ile ulikuwa injini yake. Injini ya ndani, ya dizeli, imekaa katikati kama jeneza, imeshika kutu haizunguki, na kutoka pale shafti, kile chuma kirefu cha kuizungusha propela, inapita chini kwenye tundu la sakafu hadi kwenye propela. Hata ingekuwa nzima, mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, propela iliyofungwa chini ya boti ingelima kama jembe. Nikasema naibadilisha. Nitaing'oa hiyo ya ndani, nitaweka mashine ya kupachika nyuma, ile unayoinyanyua ukiona mchanga na kuiteremsha ukiona maji. Mashine niliipata Mtwara, ya mtumba, na nilimtafuta Fundi Bakari wa pale pale Mkunya, fundi wa milango na vitanda, mtu mwenye mkono mzuri sana na ambaye alikuwa hajawahi kugusa boti maishani mwake. Mimi pia sikuwahi. Lakini mimi nauza vipuri, nikaona yaliyobaki ni kufungua na kufunga nati.

Kuing'oa injini kulituchosha. Tulisimamisha miti mitatu, tukafunga mnyororo, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye chitala, lile banda la kupigia soga, wakaja kuvuta na kutoa ushauri, zaidi ushauri, na lile dubwana likatoka na matandiko ya kuku yote. Shafti tuliipiga nyundo hadi ikachomoka. Nyuma Fundi Bakari akaweka ubao mnene wa mninga wa kubeba mashine, na kwa sababu yeye ni fundi wa milango akauchonga maua pembeni, jambo ambalo sikumwomba lakini lilipendeza. Tulipopachika mashine tukaona imekaa juu mno, propela ingezunguka hewani, tukaukata ubao katikati tukaacha pengo ili ishuke. Yote hayo tulifanya vizuri. Nasisitiza, kwa sababu watu wanasema boti yangu ilikuwa takataka. Haikuwa takataka.

Ikabaki lile tundu la shafti chini, karibu na nyuma, unene wa mkono wa mtu mzima. Fundi Bakari alifikiri, akaenda kwake, akarudi na kigingi cha mpingo alichokichonga kikang'aa kama kimepakwa mafuta. "Huu hauozi," akasema, "na mchwa hauli." Tukakizungushia kitambaa, tukakipaka lami, tukakigonga kikaingia, na nikampa mkono kwa furaha. Mnaona tulivyokuwa? Watu wawili wa uwanda mkavu, tunaziba tundu la boti, na adui tunayemwogopa ni mchwa. Mbao nyingine ukiziba nazo zinakunywa maji zinavimba, zinajikaza zenyewe, mpingo wenyewe haunywi kitu, unabaki vile vile ulivyoingia, lakini hilo nani alituambia? Hakuna aliyetuambia.

Sasa nakuja kwenye kale kauamuzi kadogo. Fundi akasema tuijaze maji tuone kama inavuja, jambo ambalo hata mimi nililifikiri, kwani hata ndoo ukiitengeneza unaitia maji. Lakini Mkunya maji hayachezewi. Wanawake wanateremka bondeni gizani wanapanda na ndoo kichwani jua limeshakuwa kali, na siku ile niligeuka nikamwona mke wangu anatua ndoo, jasho linamtiririka, na kwenye baraza, nyuma yake, mama mkwe amekaa anachambua mbaazi na anaona kila kitu bila kutazama. Ningeagiza mapipa ya maji nikamwagie boti, mbele yake, wakati mwanawe ndiye anayeyabeba? Wakwe wangapi wangenielewa? Nikamwambia fundi, "Maji yako mtoni, tutaijaribu huko huko." Nilidhani ni heshima. Mpaka leo nadhani ilikuwa heshima.

Mpango ulikuwa nitangulie na boti siku moja kabla, niijaribu, nirekebishe, ndipo wengine waje. Lakini lori la kutuchukua lilikuwa moja, na nilipolifikia asubuhi nilikuta boti imeshapakiwa na ukoo umeshapanda. Mama mkwe mbele na dereva, kanga mpya imemfunika kichwa, mke wangu na kapu la zawadi, shangazi, binamu, majirani, hata Fundi Bakari na kofia yake ya sikukuu. Issa yuko juu ya boti yenyewe amekaa kama sultani. Nikamwambia, "Shemeji, waambie boti haijajaribiwa." Akapaza sauti kwa wote, "Shemeji anasema anataka kwenda peke yake kwa sababu ana mwanamke ng'ambo." Lori zima likacheka. Mimi nikapanda, ningefanyaje?

Tukateremka ule mteremko wa kwenda Ruvuma, jua linachoma, lami yangu inalainika kule chini bila mimi kujua. Mtoni tukakuta watu upande wetu na watu upande wa pili, habari zilishavuka, na mama mdogo mwenyewe, yule mdogo wake, amesimama ukingoni na wajukuu wake anapunga kitambaa cheupe. Mama mkwe alipomwona alisimama tu. Mabega yalikuwa yanatetemeka, na mimi nilikuwa nimesimama mbali nikiangalia miguu yangu kwa adabu. Nani angeweza wakati ule kumwambia subiri kwanza nijaribu? Ningeijaribu saa ngapi?

Tukaisukuma ikaelea. Hapo nikaona jambo, kwamba ile injini nzito ikishatoka katikati na mashine ikakaa nyuma, na mimi pia nyuma, pua ya boti inaangalia juu mbinguni. Panahitajika uzito mbele. Na mama mkwe wangu, nasema kwa heshima zote, alikuwa mtu wa mwili. Nikamwambia Issa polepole, sikioni, amweke mama mbele kabisa kwenye kiti, nikaleta kiti kizuri chenye mgongo, na boti ikakaa sawa, pua imeinama kidogo tu. Mama mbele anamtazama mdogo wake, Issa na mke wangu katikati, mimi nyuma kwenye mashine nikitazama maji. Hata kwa desturi ilikaa vizuri, mtu na mkwe wake hawangeweza kukaa mbali zaidi ndani ya chombo kimoja. Nikavuta kamba, mashine ikakubali, watu wakapiga vigelegele, na nataka mjue kwamba kwa muda ule mfupi nilikuwa mwanamume mwenye furaha kuliko wote wa wilaya mbili.

Nusu ya mto, Issa akageuka. "Shemeji, boti yako inakojoa."

Mtu ambaye amekuita mwizi wa kuku tangu siku ya harusi yako, akikuambia boti yako inakojoa, unafanya nini? Nikamjibu kama anavyojibiwa. "Ipe nepi ya kwako."

Akasema, "Nasema kweli, maji yanaingia."

"Wewe kweli uliifahamu lini?"

Nilitazama miguuni pangu, pakavu. Bila shaka pakavu, kwa sababu pua ilikuwa imeinamishwa na nani aliyekaa pale mnajua, na maji yote yaliyoingia kwenye tundu yalikuwa yanapita chini ya mbao za sakafu yanakwenda mbele, kwake. Nikaona mama mkwe anamwinamia Issa anamnong'oneza. Issa akageuka tena, na sura yake ilikuwa kavu kabisa (lakini ndivyo anavyotania siku zote, kwa sura kavu), akasema, "Mama anasema miguu yake imelowa."

Nikajua ni utani wake mwenyewe, mama hajamwambia kitu kama hicho. Na kwa kuwa mashine inapiga kelele, nikapaza sauti yangu yote, sauti iliyosikika kingo zote mbili: "Mwambie Mama asiishie miguuni, aoge kabisa, huku maji ni ya bure, si kama kwenu!"

Kanga ya mama mkwe ikageuka polepole. Kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamtazama usoni, na yeye akanitazama. Alikuwa amenisikia neno kwa neno. Kanga imelowa hadi kwenye magoti. Mke wangu akajifunika uso kwa kapu. Na wakati huo huo, kana kwamba kilikuwa kinangoja nimalize kujiaibisha, kigingi cha mpingo kikaruka kutoka kwenye tundu kikampita Issa, na maji yakasimama ndani ya boti kama bomba lililopasuka.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Mashine ikazimika. Issa akavua shati akaliziba tundu, shati likapita likaenda zake. Boti ikaketi chini taratibu, kwa heshima, ikagusa mchanga, tukajikuta tumesimama katikati ya Ruvuma, maji kifuani, kiti kizuri kinaelea kuelekea baharini. Issa akambeba dada yake na kapu. Mama mkwe akabaki. Miguu ilikuwa imezama kwenye mchanga, mkondo unamsukuma, na aliye karibu naye ni nani? Mimi. Mimi na mikono yangu nimeificha nyuma.

Kutoka ukingo wetu mtu akasema mshike. Shangazi akasema asimshike, ni mkwe huyo. Kutoka ng'ambo nao wakaanza kubishana, kwa Kimakonde, nchi mbili zinajadili kama nimshike au nisimshike, na mtu mmoja (sitamsahau) akapendekeza nimsukumie ufito aushike ili tusigusane. Ufito ningeutoa wapi? Ndipo mmoja akataja mamba. Basi nikageuka, nikampa mgongo, nikachuchumaa ndani ya maji, na mama mkwe wangu, ambaye nilikuwa sijawahi kusogea karibu naye hata hatua chache, akapanda mgongoni kwangu akanishika shingo. Nikavuka naye. Mchanga unadidimia, pumzi inakata, na kanga yake iliyolowa inaniziba macho. Nikamtua mbele ya mdogo wake. Wakakumbatiana wakalia sana, na mimi nikaenda kukaa pembeni na kutema maji.

Issa, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akaona ni wakati mzuri wa kuwaeleza watu kwa nini kiti kiliwekwa mbele. Akasema shemeji alihitaji gunia la mchanga akalikosa. Mnaona mtu huyo? Nilimwambia sikioni.

Jioni, nguo zimeshakauka, mama mkwe akaniita. Hakumtuma mtu. Aliniita kwa mdomo wake mwenyewe, "Baba Siwema, njoo," na nikaja nimeinama, nikakaa mbali, akasema sogea. Akasema, "Leo nimeshika shingo yako na wewe umeniambia nioge. Hayo hayasemwi na mkwe na hayafanywi na mkwe. Ukwe kati yetu umekwisha. Kuanzia leo wewe ni mwanangu, kama Issa."

Watu wakapiga makofi. Nikapumua. Nikaona nimesamehewa, nikasema, moja kwa moja bila mshenga, "Ahsante Mama. Basi mwezi ujao nitamchukua mama Siwema twende Masasi."

"Masasi kufanya nini?" akasema. "Wanangu wanakaa nyumbani."

Nikamkumbusha ahadi. Nilisema kwa adabu lakini nilisema. Tulikubaliana nikufikishe, na umefika, mdogo wako huyu hapa. Akasema amefika kwa mgongo, ahadi ilikuwa ya boti. Nikauliza tofauti iko wapi kama mtu kafika. Wazee wa pande zote mbili wakashauriana na wakaona tofauti ipo, kubwa sana. Issa akaniwekea mkono begani akasema, "Pole, kaka. Sasa ujue umeoa dada yako." Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kushindwa kula, na kulikuwa na kuku.

Tulirudi kwa mitumbwi, mama mkwe naye, kwenye gogo, ametulia kabisa kama aliyezaliwa ndani yake. Boti iko kule kule, wakati wa kiangazi ule ubao wa mninga wenye maua unaonekana. Ndani ya lori, tunapanda mteremko, nikamwinamia mke wangu nikamwambia asihuzunike, nitatafuta njia nyingine, Masasi tutakwenda tu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mbona mimi nilishasafisha shamba la mwaka huu," akasema. "La hapa hapa Mkunya. Wewe ulidhani Mama angekubali?"

Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Nimenunua boti, nimeng'oa injini, nimebeba mzigo ule katikati ya mamba mbele ya mataifa mawili, na mke wangu wakati huo huo anakata vichaka vya shamba jipya bila wasiwasi. Nimeapa, na ninyi ni mashahidi: chombo chenye tundu chini sinunui tena, mkwe wa mtu yeyote simbebi hata mto uwe wa kufika vifundoni, na siku Issa atakaponiambia nyumba yangu inaungua, nitakwenda kuangalia kwanza ndipo nimtukane.